Jaribio la mzigo kwa tovuti ya biashara: namna ya kulipanga kwa wateja wa Arua na Koboko

Makala hii ni ya wafanyabiashara, wasafirishaji na mawakala wa forodha wenye tovuti zao, au wanaotaka kutengenezewa tovuti, kwa ajili ya wateja wa Arua, Koboko na vituo vya mpakani vya Oraba na Vurra. Inaeleza jaribio la mzigo ni nini, linapangwaje hatua kwa hatua, na ni taarifa gani wewe mwenye biashara unatakiwa kumpa fundi wako. Huhitaji kujua kuandika programu ili kuifuata. Unahitaji kuwajua wateja wako.

JARIBIO LA MZIGO NI NINI?

Kila msafirishaji anajua kwamba gari halipimwi kwa macho. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, uzito wa juu wa gari pamoja na mzigo wake ni tani 56, lakini mizani hupima pia kila kundi la ekseli. Gari linaweza kuwa chini ya tani 56 na bado likazuiwa, kwa sababu mzigo wote umeegemea upande mmoja.

Tovuti nayo ni hivyo hivyo. Fundi akikuambia "tovuti yako inabeba watu 1,000", hajakuambia kitu bado. Watu 1,000 wanaosoma bei za ufuta ni mzigo mwepesi. Watu 50 wanaojaza fomu, kulipa na kuomba ripoti kwa wakati mmoja wanaweza kuiangusha seva ile ile.

Jaribio la mzigo ni kutumia programu inayojifanya wateja wengi kwa pamoja, ikafungua kurasa, ikajaza fomu na kubonyeza vitufe, huku mafundi wakiangalia seva inajibu kwa kasi gani na inachokea wapi. Mpango wa jaribio ni maelezo ya wateja hao wa kuigiza: ni akina nani, ni wangapi, wanakuja saa ngapi, wanafanya nini, na wanatumia mtandao wa namna gani.

Hilo la mwisho ndilo watu wengi hulikosea. Programu ya kujaribu hupatikana bure. Kinachofanya jaribio liwe na maana ni kwamba wateja wa kuigiza wafanane na wateja wa kweli. Na mwenye kuwajua wateja wa kweli ni mfanyabiashara, si fundi aliyeko Kampala au Nairobi.

KWA NINI UJISUMBUE?

Tovuti haianguki siku watu hawaihitaji. Huanguka saa ile ile ambayo wote wanaihitaji.

Mfano unaojulikana duniani ni wa Marekani. Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya nchi hiyo ilifungua tovuti ya HealthCare.gov ili wananchi wajiandikishe bima ya afya. Siku ya kwanza ni watu 6 tu waliofanikiwa kukamilisha kujiandikisha. Majaribio ya muda mfupi kabla ya uzinduzi yalikuwa yameonyesha kwamba mfumo unalemewa na mzigo mdogo kuliko uliotarajiwa, lakini tarehe ya kufungua haikubadilishwa.

Mfano wa pili ni wa India. Shirika la reli huuza tiketi za dharura zinazofunguliwa saa maalumu asubuhi, kwa hiyo wasafiri wengi mno huingia ndani ya dakika zile zile. Mwaka 2014 walizindua mfumo mpya uliopangwa kutoa tiketi 7,200 kwa dakika badala ya 2,000. Tazama kipimo walichotumia: hawakuhesabu wageni kwa mwezi, walihesabu tiketi kwa dakika.

Kwetu vilele vya namna hii vipo pia. Nchini Uganda marejesho ya kodi ya ongezeko la thamani ya mwezi hutakiwa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata, na nchini Kenya marejesho ya mwaka ya mtu binafsi hufungwa tarehe 30 Juni. Wengi hungoja siku ya mwisho. Ikiwa ofisi yako huwapa wateja nyaraka za kodi au risiti kwa njia ya tovuti, watakujia siku hizo kwa pamoja.

Hasara nayo si ya kompyuta tu. Lori la nyanya lililosimama Oraba likisubiri namba ya shehena ambayo tovuti imekataa kuionyesha halisimami bure. Nyanya zinaoza, dereva na utingo wanakula, na mnunuzi wa upande wa pili anatafuta mwingine.

HATUA YA 1: ANDIKA SWALI MOJA

Jaribio lisilo na swali huishia kwenye michoro mizuri isiyosaidia mtu. Andika sentensi moja, kwa mfano: "Je, njia ya Kampala ikifungwa ghafla na wateja wakaongezeka mara nne, wataweza kuona shehena zao ziko wapi, na hakuna malipo yatakayopotea au kukatwa mara mbili?"

Kisha weka masharti ya kufaulu kabla ya kuanza. Katika makala hii tutatumia mfano wa kufikirika wa kampuni ya usafirishaji yenye magari kati ya Kampala, Arua na Koboko. Masharti yake ni haya:

1. Majibu 95 kati ya 100 ya seva yatoke ndani ya sekunde 3.
2. Kwenye kurasa za kusoma tu, makosa yasizidi 1 kati ya 100.
3. Nafasi ya mzigo isihifadhiwe mara mbili, na isipotee hata moja.
4. Msongamano ukipungua, tovuti irudi kasi yake ya kawaida ndani ya dakika 5, bila mtu kuiwasha upya.

Masharti yakiandikwa baada ya jaribio, kila tovuti hufaulu.

HATUA YA 2: KUSANYA HESABU ZA KWELI

Kama tovuti tayari inafanya kazi, seva ina daftari lake linaloandika kila ukurasa uliofunguliwa na saa yake. Mwombe fundi akutolee saa yenye watu wengi kuliko zote katika miezi mitatu iliyopita. Usikubali wastani wa siku, kwa sababu wastani unachanganya saa nane za usiku na saa tatu za asubuhi.

Kama tovuti ni mpya, tumia vitabu vyako: daftari la kupokea mizigo, idadi ya simu zinazopigwa ofisini asubuhi, stakabadhi za siku ya soko, orodha ya magari yanayoondoka. Mtu anayepiga simu leo kuuliza "mzigo wangu umefika wapi?" ndiye atakayefungua tovuti kesho.

Halafu zingatia jambo ambalo fundi wa mbali hawezi kulijua: saa. Uganda iko saa moja mbele ya jirani zake wawili wa upande huu. Sudan Kusini ilirudisha saa yake nyuma tarehe 1 Februari 2021, na mashariki ya Kongo hutumia saa hiyo hiyo. Oraba ikiwa saa mbili asubuhi, Kaya ng'ambo ya mpaka ni saa moja. Vurra ikiwa saa mbili, Aru na Ariwara ni saa moja. Kwa hiyo kampuni yenye wateja pande zote inaweza kuwa na vilele viwili vya asubuhi, vilivyoachana kwa saa moja. Kama daftari la seva limeandikwa kwa saa ya Ulaya, mfanye fundi aigeuze kwanza, la sivyo utaweka kilele mahali pasipo pake.

HATUA YA 3: GAWANYA WATEJA

Tuseme daftari la kampuni yetu ya mfano linaonyesha watu 600 katika saa yenye kazi nyingi. Wagawanye kwa kile walichokuja kufanya:

a) Wanaofuatilia shehena: 330
b) Wanaoangalia bei na ratiba za magari: 180
c) Wanaohifadhi nafasi ya mzigo: 60
d) Makarani wa kampuni na mawakala wanaoingiza taarifa: 30

Hapa ndipo suala la ekseli linapoonekana. Kundi (d) ni watu 5 tu kati ya kila 100, lakini karani mmoja akiomba ripoti ya mwezi mzima anaweza kuitesa hifadhidata kuliko wateja mia wa kundi (b). Ukijaribu ukurasa wa kwanza peke yake, kama wengi wanavyofanya, umepima ekseli ya mbele na kuacha trela.

HATUA YA 4: ANDIKA SAFARI YA KILA KUNDI

Kwa kila kundi andika mteja anafanya nini, na anakaa muda gani kati ya kitendo na kitendo. Mapumziko haya ni muhimu. Mtu halisi husoma, hufikiri, humuuliza mwenzake, hutafuta miwani. Programu isiyopumzika inaweza kutuma maombi mengi mno na kukuonyesha tatizo ambalo halipo.

Mfuatiliaji wa shehena: anafungua ukurasa wa kwanza, anakaa sekunde 10, anaandika namba ya shehena, anasoma kwa sekunde 30, anafungua upya mara mbili kila baada ya dakika moja, anaondoka.

Mwangalia bei: anafungua ukurasa wa bei, anakaa dakika 1, anafungua ratiba, anakaa dakika 1, anaondoka.

Mhifadhi nafasi: anachagua njia, anajaza fomu kwa dakika 3 kwa sababu lazima atafute uzito na idadi ya magunia, anabonyeza "Tuma". Asipopata jibu ndani ya sekunde 15 anabonyeza tena. Mmoja kati ya watatu anaacha kabla ya kulipa.

Karani: anaingia kwa neno la siri, anaandika shehena 20 mfululizo, anaomba ripoti ya siku.

Angalia sana pale mhifadhi nafasi anapobonyeza mara ya pili. Tovuti ikichelewa, watu hawatulii. Wanabonyeza tena, wanafunga na kufungua, wanamwomba jirani ajaribu kwa simu yake. Seva iliyochelewa kidogo hupata maombi mara mbili, ikachelewa zaidi, ikapata mara tatu. Tovuti nyingi huzama namna hii. Na mfumo usiotambua kwamba ombi la pili ni lile lile la kwanza utahifadhi nafasi mbili na pengine kukata pesa mara mbili. Usiache jambo hili nje ya mpango.

HATUA YA 5: HESABU WALIOMO NDANI KWA WAKATI MMOJA

Watu 600 kwa saa hawamo ndani wote kwa pamoja. Kuna kanuni rahisi iliyothibitishwa na mtaalamu wa hisabati John Little mwaka 1961: waliomo ndani ni sawa na wanaoingia kwa dakika, mara dakika ambazo kila mmoja anakaa.

Watu 600 kwa saa ni watu 10 kwa dakika. Wakikaa dakika 4 kila mmoja, waliomo ndani ni 40.

Sasa chukua mtandao dhaifu, kurasa zikafunguka polepole, na kila mtu akakaa dakika 12 badala ya 4. Idadi ya wanaoingia haijabadilika, lakini waliomo ndani sasa ni 120. Seva inashikilia watu mara tatu, na hakuna mteja hata mmoja aliyeongezeka. Ndiyo maana tovuti iliyojaribiwa kwa intaneti ya ofisi ya Kampala inaweza kushindwa na wateja wale wale wakiwa Koboko.

HATUA YA 6: WEKA MTANDAO WA MAHALI

Pima ukurasa wako una uzito gani. Kwenye mtandao wa simu wa kizazi cha pili unaopitisha kilobiti 100 kwa sekunde, ukurasa wa megabaiti 1 unachukua sekunde 80 kufika. Ukurasa wa kilobaiti 200 unachukua sekunde 16. Hapo seva haina kosa lolote, ni uzito wa picha na mapambo tu.

Baadhi ya programu za majaribio zinaweza kuagizwa zijifanye zina mtandao wa polepole. Gawanya wateja wa kuigiza kwa kadiri unavyowajua: walioko mjini Arua wenye mtandao mzuri, na walioko njiani au mpakani ambako simu huhangaika kati ya minara ya nchi mbili. Zaidi ya hapo, chukua simu mbili za kawaida, nenda nazo Oraba na Vurra wakati jaribio linaendelea, ufungue tovuti kwa mkono. Barabara ya lami ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba ina urefu wa kilomita 92, kwa hiyo watu wawili wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa siku moja.

Angalia pia seva yenyewe iko wapi. Ikiwa Ulaya au Marekani, kila ombi linavuka bahari kwa nyaya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Fundi wako ajue tovuti itafanyaje siku kama hiyo.

HATUA YA 7: CHORA UMBO LA MZIGO

Usimwage wateja wote mara moja. Mpango wa kampuni yetu ya mfano unaweza kuwa hivi:

Dakika 0 hadi 5: wateja 5 tu, kuhakikisha safari zimeandikwa sawasawa.
Dakika 5 hadi 20: ongeza polepole mpaka watu 10 kwa dakika.
Dakika 20 hadi 80: shikilia hapo. Hii ndiyo asubuhi ya kawaida yenye kazi.
Dakika 80 hadi 82: panda ghafla mpaka watu 40 kwa dakika.
Dakika 82 hadi 97: shikilia msongamano.
Dakika 97 hadi 120: rudi kwa watu 10, uone kama tovuti inapona yenyewe.

Kwa nini kupanda ghafla mara nne? Kumbuka mwaka 2024. Daraja la Karuma, ambalo hubeba njia ya kawaida kutoka Kampala kwenda Arua, lilihitaji matengenezo makubwa. Kwanza magari mazito yalizuiwa, kisha Septemba likafungwa kwa magari yote hadi Desemba, na wasafiri wakaelekezwa njia nyingine, ikiwamo ile ya Masindi–Paraa–Pakwach. Habari ya namna hiyo ikitoka, kila mwenye mzigo njiani anataka kujua gari lake liko upande gani wa mto, na anataka kujua saa hiyo hiyo. Kipimo cha mara nne ni cha mfano wetu. Wewe angalia daftari la simu la ofisi siku ya tukio kama hilo, ulilinganishe na siku ya kawaida, upate kipimo chako.

Baada ya hapo fanya jaribio la pili la muda mrefu: mzigo wa kawaida kwa saa 8 usiku kucha. Hili hugundua seva ambayo kumbukumbu yake inajaa kidogo kidogo, nzuri asubuhi na hoi ifikapo jioni.

HATUA YA 8: CHAGUA PROGRAMU NA NAMNA YA KUINGIZA WATEJA

Apache JMeter ni ya bure, imekuwepo tangu mwaka 1998, na mafundi wengi wanaijua. Zipo pia k6, Locust na Gatling, ambazo hutaka fundi aandike skripti fupi. Yoyote kati ya hizo inatosha kwa tovuti ya kampuni ya kawaida.

Lakini muulize fundi wako swali moja: wateja wa kuigiza wanaingia kwa mtindo gani? Kuna mitindo miwili. Katika wa kwanza, idadi ya wateja imefungwa, na kila mmoja husubiri jibu kabla ya kutuma ombi jingine. Katika wa pili, wateja wapya wanaendelea kuingia kila dakika, seva ijibu isijibu.

Mtindo wa kwanza unadanganya. Seva ikilegea, wateja wa kuigiza nao wanalegea, mzigo unapungua, na matokeo yanaonekana ya kuridhisha. Mpakani mambo hayaendi hivyo. Geti likifungwa, malori hayaachi kuja, foleni ndiyo inarefuka. Kwa tovuti inayotumiwa na watu wasiojuana, mtindo wa pili ndio wenye ukweli.

HATUA YA 9: TAYARISHA TAARIFA ZA KUIGIZA

1. Tumia namba nyingi tofauti za shehena. Ukitumia namba moja mara 10,000, seva itatoa nakala iliyokwisha kuihifadhi kando, na utadhani ina kasi ya ajabu.
2. Jaza hifadhidata kwa wingi unaofanana na wa kweli. Kutafuta shehena moja kati ya 200 si sawa na kuitafuta kati ya 200,000.
3. Usitumie majina na namba za simu za wateja wako. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Faragha ya mwaka 2019. Tunga majina.
4. Malipo ya simu na ujumbe mfupi vipitie mazingira ya majaribio, siyo huduma halisi. Vinginevyo unaweza kuamka na ujumbe 5,000 umetumwa kwa gharama yako.

KUMBUKA: RUHUSA KWANZA

Jaribu tovuti yako mwenyewe tu. Kuelekeza mzigo kwenye mfumo wa forodha, wa benki, wa kampuni ya simu au wa mshindani, hata kwa nia ya kujifunza, ni kuushambulia, na nchini Uganda unaweza kushtakiwa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011. Ikiwa tovuti yako inapata taarifa kutoka mfumo wa mtu mwingine, sehemu hiyo iigizwe.

Iarifu pia kampuni inayokupangisha seva, kwa maandishi, na utaje siku na saa. Seva nyingi za bei nafuu hupangishwa kwa kampuni nyingi pamoja, na mzigo wako unaweza kuwaangusha majirani. Kilicho bora ni kuandaa nakala ya tovuti kwenye seva ya pembeni yenye nguvu sawa na ile halisi.

HATUA YA 10: SOMA MATOKEO

Usikubali kuonyeshwa wastani peke yake. Majibu tisa ya sekunde 1 na jibu moja la sekunde 41 yana wastani wa sekunde 5, na hakuna mteja hata mmoja aliyesubiri sekunde 5. Uliza: majibu 95 kati ya 100 yalitoka ndani ya sekunde ngapi? Na yale 5 yaliyobaki yalikuwa ya akina nani? Kama yote ni ya wanaolipa, tovuti imeshindwa hata kama namba ni nzuri.

Dalili za kawaida ni hizi:

- Kichakato cha seva kimefika asilimia 100: kazi ni nyingi kuliko nguvu, au ukurasa fulani umeandikwa vibaya.
- Seva imetulia lakini majibu yanachelewa: mara nyingi foleni iko kwenye hifadhidata, au idadi ya milango ya kuingilia imewekwa ndogo.
- Kumbukumbu inapanda na hairudi: kuna kitu hakifungwi baada ya kutumika.
- Kila kitu kimetulia na bado kuna makosa: huenda kompyuta inayotuma mzigo ndiyo iliyochoka, si seva.

Rekebisha jambo moja, kisha rudia jaribio lile lile. Ukirekebisha matano kwa pamoja hutajua lipi lilisaidia.

MAREKEBISHO YASIYO NA GHARAMA KUBWA

Kabla ya kulipia seva kubwa zaidi, jaribu haya. Punguza picha kwenye ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa bei, ambao hubadilika mara moja au mbili kwa siku, uhifadhiwe kama nakala tayari badala ya kutengenezwa upya kwa kila msomaji. Ripoti nzito za makarani ziandaliwe usiku. Kitufe cha "Tuma" kizimike baada ya kubonyezwa, na kila ombi lipewe namba yake ili lisirudiwe. Msongamano ukizidi, kurasa za mapambo zifungwe na ukurasa mwepesi wa kufuatilia shehena ubaki wazi. Mwisho, kuwe na njia ya ujumbe mfupi kwa mteja ambaye simu yake haina intaneti.

Umeme nao uwe kwenye mpango. Kwa miaka mingi Nile Magharibi ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea maji ya Nyagak na jenereta, na kila mfanyabiashara wa Arua anajua maana ya ofisi kuzimika mchana. Katikati ya jaribio, zima mtandao wa makarani kwa dakika 10, kisha uwashe. Wote watarudi kwa pamoja na kutuma kazi zilizokwama. Tovuti isiyohimili kurudi huko haijafaulu.

MASWALI YA KUMWULIZA FUNDI KABLA YA MALIPO YA MWISHO

1. Mpango wa jaribio uko wapi kwa maandishi, na hesabu zake zimetoka wapi?
2. Makundi yote ya wateja yamo, pamoja na makarani?
3. Wateja wa kuigiza wanaendelea kuingia hata seva ikichelewa?
4. Mtandao dhaifu umewekwa? Ulijaribiwa kutoka wapi?
5. Mteja akibonyeza mara mbili inakuwaje?
6. Tovuti ilishindwa kwenye mzigo gani, na ilishindwaje?

Swali la sita ndilo zito. Fundi akijibu kwamba haikushindwa kabisa, maana yake hakuisukuma mpaka mwisho, na bado hujui ukomo wake. Tovuti yoyote ina ukomo. Ukiujua, unaweza kuwaambia wateja wako mapema, kuweka karani wa ziada kwenye simu, au kuongeza seva kabla ya tarehe 15.

Weka masharti ya kufaulu ndani ya mkataba wa kutengenezewa tovuti, na sehemu ya malipo ibaki mpaka jaribio lipite. Rudia jaribio kila unapoongeza huduma mpya, na angalau mara moja kwa mwaka kabla ya msimu wako wa mizigo mingi.